Land Rover ya Mjomba na Gari la Kompyuta



Juma hili nataka tuzungumze juu ya magari mawili. La kwanza ni la kale, kiwanda kimekwisha kuacha kulitengeneza. La pili ni la kisasa, lenye kompyuta tumboni, taa nyingi mbele ya dereva na kengele ya kukukumbusha kufunga mkanda. Yote mawili nimeyapanda katika barabara moja: ile inayoiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, ikapita Mzumbe na Mlali, kisha ikaanza kuikwea Milima ya Uluguru kwenda Mgeta. Kila mwenyeji wa Morogoro anaijua njia hiyo, na asiyeijua amekwisha kula kabichi, viazi na njegere zilizoteremka kwa njia hiyo.

Nianze na kisa kilichonifanya nichague mada hii. Wakati wa masika nilikuwa nikipanda Nyandira kurekodi mazungumzo na wakulima. Nilikuwa nimeazimwa gari la kisasa. Sitalitaja jina, maana sikuja hapa kuharibu biashara ya mtu. Lilikuwa gari zuri hasa: viti laini, kiyoyozi, na utulivu ambao hata ukinong'ona unasikika. Tulipofika kwenye kona moja kali, katikati ya tope, taa ya njano yenye picha ya injini ikawaka. Mara gari likaishiwa nguvu. Injini ilikuwa inaunguruma, lakini ukikanyaga mafuta haliitikii. Likatambaa kama kobe, kisha likasimama. Dereva wetu, kijana hodari mwenye leseni na vyeti, alishuka, akafungua boneti, akatazama. Alichokiona ni kifuniko kikubwa cheusi cha plastiki. Akaifunga boneti, akatoa simu mfukoni. Mtandao haukuwapo.

Tulikaa pale saa tatu. Waliotupita kwa miguu walitupa pole. Waliotupita kwa bodaboda walitupa pole na matope. Hatimaye ikaja Land Rover kuukuu, imebeba mifuko ya mbolea, na juu ya mbolea wamekaa akina mama waliokuwa wakirudi kutoka mjini. Haikuwa na kioo cha upande wa kushoto. Ikafunga kamba, ikatuvuta mpaka penye tambarare, ikaendelea na safari yake. Kesho yake alipanda fundi kutoka mjini na mashine yake ya kupimia. Akachomeka waya chini ya usukani, akasoma namba, akafungua kidude kidogo kisichozidi kidole gumba, akakikausha, akafuta ile namba. Kazi yenyewe haikuchukua robo saa. Kumngoja fundi mwenye mashine ndiko kulikochukua siku nzima.

Nilipomsimulia mjomba wangu mambo hayo alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Hao wamefunika chungu. Mnakula tu, hamjui kilichopikwa."

Hapana budi niseme mjomba huyu ni nani. Kwetu Waluguru mjomba si mtu wa pembeni. Ukoo unafuata upande wa mama, na mambo ya shamba, ndoa na msiba hayapiti bila yeye. Mjomba wangu alikuwa na sifa nyingine tena: alikuwa dereva. Mwaka 1986 alinunua Land Rover katika mnada wa magari chakavu, ile ndefu ambayo watu waliizoea kwa jina la mia moja na tisa, kwa sababu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni inchi 109. Ilikuwa na injini ya petroli ya silinda nne, ya lita mbili na robo hivi. Aliipaka rangi upya kwa brashi, si kwa pampu, na michirizi ya brashi ilionekana mpaka mwisho. Gari hilo lilinisomesha. Ada yangu ya sekondari ilitoka katika nauli za akina mama wa Mgeta na matenga yao ya kabichi.

Wakati wa likizo nilikuwa utingo mdogo. Kazi yangu ilikuwa kushika daftari. Mjomba alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa tisini na sita, ambamo aliandika kila ugonjwa wa gari lake na dawa yake: tarehe, dalili, kilichokutwa, kilichofanyika. Ukilisoma daftari lile ni kama unasoma kadi ya kliniki ya mtoto.

Sasa tuulizane: gari hilo lilitoka wapi, na kwa nini lilielewana na milima yetu kiasi hicho?

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini imechoka na ina madeni. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki kutoka vitani. Akafikiri: kwa nini nasi tusitengeneze gari la shamba? Kazi ilianza mwaka 1947, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6, yenye nguvu za farasi 50 tu. Wenyewe walidhani ni gari la kupitishia muda, mpaka hali ya biashara itengemae.

Lakini sikilizeni jambo hili. Wakati huo chuma cha pua na chuma cha bati vilitolewa kwa mgao nchini Uingereza. Kwa hiyo bodi ya gari ilitengenezwa kwa aluminiamu. Mashine kubwa za kukunjia bati zilikuwa ghali, kwa hiyo bodi ikafanywa ya mabapa yaliyonyooka, ambayo fundi anaweza kuyakunja bila mashine kubwa. Matokeo yake ni kwamba likibonyea, utalinyoosha kwa nyundo juu ya gogo. Bapa likiharibika, utalifungua kwa spana na kufunga jingine. Gari lile lilizaliwa katika dhiki, ndiyo maana liliielewa dhiki yetu.

Hata hivyo, tusiseme kwamba lilikuja Uluguru kama rafiki. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hii, na wananchi wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Ilikuwa kazi ngumu, na katika udongo wetu mwembamba matuta hayo mara nyingi yalifukia udongo mzuri na kuibua usio na rutuba. Mwaka 1955 hasira zilifoka huko Matombo, upande wa mashariki wa milima. Polisi walifyatua risasi, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Hiyo ndiyo miaka ambayo Land Rover ilikuwa ikienea katika idara za serikali hapa Tanganyika. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba enzi hizo ukisikia gari linaunguruma chini bondeni, ulijiuliza kwanza ni nani aliyekosa.

Baada ya Uhuru gari lile lile likabadilisha abiria. Likabeba waganga, dawa za chanjo, walimu, bwana shamba wa serikali yetu wenyewe, na mapadre. Lilipochakaa likauzwa, na hapo ndipo watu kama mjomba walipolipata. Historia nyingi huishia pale gari linapouzwa chakavu. Kwetu sisi wa mlimani, ndipo historia yake ilipoanza. Kabla ya hapo mazao yaliteremka kwa kichwa. Mwanamke aliondoka usiku na tenga lake, akafika sokoni jua limekwisha kupanda, na mboga zimekwisha kunyauka.

Miaka ile ilikuwa migumu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini bili yake ilikuwa haijalipwa. Fedha za kigeni hazikuwapo, mafuta yalikuwa ya shida, na vipuri vilikuwa hadithi. Katika shida hiyo nilishuhudia elimu ambayo haikuwa na cheti. Tangi la petroli likitoboka kwa jiwe, mjomba alisugua sabuni ya mche kwenye tundu, na petroli ikakoma kuvuja mpaka nyumbani. Pampu ya mafuta ikifa, alifunga dumu la petroli juu ya gari, akashusha mpira hadi kwenye kabureta, na mafuta yakateremka kwa uzito wake yenyewe. Raba za springi zilikatwa kutoka kwenye tairi bovu. Betri ikilala, tulipiga hendeli.

Aliniambia kwamba injini ile inahitaji mambo manne tu: petroli, hewa, moto na mgandamizo. Ikikataa kuwaka, tafuta lipi kati ya manne halipo. Ukikuta moto haupo kwenye plagi, fungua kifuniko cha distributa, sugua pointi kwa msasa, jaribu tena. Mtu aliyeishia darasa la nne aliweza kuelewa gari zima, kuanzia taa mpaka difu. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya gari la kale na la kisasa. Mashine ilikuwa ya Mwingereza, lakini ujuzi wake ulihamia Mgeta na ukakaa huko.

Lakini, wapenzi wasikilizaji, nisiwadanganye. Wapo watu wanaoongea juu ya magari ya zamani kama wanavyoongea juu ya ujana wao, wanakumbuka ngoma na kusahau njaa. Mwezi Oktoba mwaka 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwa tamasha, zikapita barabarani zimeng'arishwa, na mimi pia nilifurahi kuona picha zake. Ila nina jambo moja ambalo halikuwamo katika tamasha lile, nalo hapana budi nilitaje.

Mwaka 1994, wakati wa mvua, tulikuwa tunapanda na mzigo wa mbolea na abiria. Mimi nilikuwa juu ya mzigo. Miezi michache kabla ya hapo ekseli ya nyuma ilikuwa imekatika. Mpya haikupatikana kwa bei ambayo mjomba angeweza kulipa, naye akaichomelea. Fundi wa kuchomelea alikuwa hodari, na daftari liliandikwa: "Ekseli imeungwa, iko sawa." Siku ile, katika mteremko mkali, mjomba alikuwa akiendesha kwa magurudumu mawili ya nyuma ili kuokoa petroli. Tukasikia mlio kama wa bunduki. Ekseli ilikuwa imekatika pale pale ilipoungwa.

Breki ya mkono ya gari lile haikamati magurudumu yenyewe. Inakamata mhimili unaotoka kwenye gia kwenda nyuma. Ekseli ikikatika, breki hiyo inashika mhimili usioshika tena gurudumu. Breki za mguu zilikuwa zimekwisha, tulikuwa tunazisukuma mara tatu ndipo zishike. Gari likaanza kurudi nyuma. Utingo wetu, kijana wa miaka kumi na tisa, aliruka na gogo lake kama alivyozoea, akaliweka nyuma ya gurudumu. Gogo likateleza katika tope. Gari lilisimama baada ya kugonga ukingo wa mlima. Sisi wote tulitoka wazima. Yeye mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Kosa hilo silitupi kwa kiwanda. Gari lilikuwa limefanya kazi kupita umri wake, limebeba kupita kipimo chake. Lakini silitupi hata kwa umaskini peke yake. Ujanja ule ule niliousifu dakika chache zilizopita, ujanja wa sabuni na dumu na kuchomelea, ndio uliomkata mguu kijana yule. Ukizoea kwamba kila kitu kinaungika, siku moja utaunga kisichopaswa kuungwa. Mjomba hakuandika chochote katika daftari siku ile. Ukurasa upo mpaka leo, una tarehe tu.

Kwa hiyo tulitazame gari la kisasa kwa haki.

Mkanda wa kiti wa pointi tatu, huu tunaofunga leo, ulitolewa na kampuni ya Volvo ya Sweden mwaka 1959, kazi ya mhandisi Nils Bohlin. Katika Land Rover ya mjomba mkanda ulikuwa wa kufungia mzigo. Magari mengi ya leo yana breki zinazozuia gurudumu lisijifunge na kuteleza, yana mifuko ya hewa, na mengine yana kifaa kinachoshika breki chenyewe gari lisirudi nyuma unapoondoka mlimani. Laiti kifaa hicho kingekuwapo siku ile.

Na ile kompyuta haikuwekwa kwa ajili ya kutukomoa. Miji mikubwa ya Marekani na Japani ilikuwa inakohoa kwa moshi wa magari, na serikali zao zikatunga sheria kali. Kabureta, hata ikirekebishwa na fundi bora, haiwezi kupima petroli na hewa kwa usahihi uliotakiwa. Ikabidi kipimwe kila kitu kwa umeme: hewa inayoingia, joto la injini, moshi unaotoka. Tangu matoleo ya mwaka 1996, kila gari dogo linalouzwa Marekani lazima liwe na mfumo wa kujipima na tundu la kusomea makosa yake. Tundu hilo ndilo fundi wetu alilochomeka waya kule Mgeta.

Tukumbuke pia kwamba petroli tuliyokuwa tukiivuta enzi za mjomba ilikuwa na madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Mimi niliyekaa juu ya mzigo, nyuma ya ekzosi, niliivuta miaka yote ya utoto wangu, na hakuna aliyeniambia.

Hata Land Rover yenyewe imebadilika. Ile ya umbo la kale, ambayo mwishoni iliitwa Defender, ilitoka kiwandani kwa mara ya mwisho huko Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya magari zaidi ya milioni mbili ya ukoo wake. Defender mpya ilionyeshwa mwaka 2019, nayo inaundwa katika mji wa Nitra nchini Slovakia. Ile ya kale iliruhusiwa kuvuka maji ya kina cha milimita 500. Mpya inavuka milimita 900. Ukiziweka kwenye mto wa Mgeta, mpya itavuka na ya kale itabaki ng'ambo. Huo ni ukweli, na mwenye mapenzi na asikasirike.

Hapa kwetu, kwa kweli, Land Rover haikushindwa na mdogo wake. Ilishindwa na Mjapani. Toyota Land Cruiser ilianza safari yake mwaka 1951, na ule mfululizo wa 70, ambao vijana wanauita mkonga kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa, ulitoka mwaka 1984. Mwaka huo huo serikali yetu ililegeza masharti, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa. Taratibu mahospitali, hifadhi na miradi wakahamia kwa Mjapani, na wakubwa wakapanda lile la kifahari ambalo wananchi walilibatiza jina la shangingi. Baadaye zikaja Noah, na sasa bodaboda zinafika hata pale ambapo Land Rover haikufika.

Basi kati ya magari yetu mawili, lipi bora? Kwa usalama, la kisasa. Kwa mafuta, la kisasa. Kwa mapafu ya watoto, la kisasa. Kwa raha, hakuna hata haja ya kuuliza. Jambo moja tu ndilo ambalo la kale linalishinda la kisasa: likiharibika ukiwa Nyandira, dawa yake ipo Nyandira. La kisasa dawa yake ipo mjini, na wakati mwingine ipo ng'ambo ya bahari, ndani ya programu ambayo mwenye nayo anaiuza kwa bei aipendayo.

Wala msidhani ni malalamiko ya Mluguru peke yake. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria inayowataka watengenezaji wa magari kuwapa mafundi wa nje habari za matengenezo. Mwaka 2012 wananchi wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipiga kura kudai haki hiyo hiyo. Watu matajiri, wenye barabara za lami mpaka mlangoni, wamesema: gari nililolinunua ni langu, na ujuzi wa kulitengeneza usifungiwe kabatini. Ikiwa wao wameona haja, sisi tunaoyanunua yakiwa yamekwisha kutumika, na kuyatumia tena miaka ishirini, tunangoja nini?

Nafikiri yapo mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni kuwafundisha mafundi wetu umeme na kompyuta za magari kwa bidii ile ile tuliyowafundisha kuchomelea. Hapa Morogoro tuna chuo cha VETA pale Kihonda, na vijana wanaotaka kusoma wapo tele. La pili, mashine ya kupimia isiwe mali ya gereji ya mjini peke yake. Wakulima wanaochanga fedha za mbolea wanaweza kuchanga za mashine moja ikae Mlali au Mgeta, pamoja na kijana anayejua kuitumia. La tatu ni letu sisi wanunuzi. Tunapokwenda kununua gari tunauliza lina mwendo gani na redio yake inapigaje. Tuanze kuuliza: likigoma, nani atalitengeneza, na atalitengenezea wapi?

Na lipo la nne, ambalo si la gari. Reli ya Mjerumani ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Morogoro mwaka 1907. Mwaka 2024 ikaja treni ya umeme, na sasa unatoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Ni jambo la kujivunia. Lakini mimi, siku ile ya masika, nilikaa saa tatu katika kona moja ya tope. Hapo pa mwisho, kutoka lami hadi shamba, ndipo gari la kale na la kisasa yote yanapopimwa, na ndipo kabichi ya mama mmoja inapopata bei au inapoozea. Njia ikitengenezwa vizuri, hata gari la kawaida litakuwa hodari. Ikiachwa, tutaendelea kuwatafuta vijana wa kuruka na magogo.

Nimalizie kwa mjomba. Land Rover yake aliiuza mwaka 2003. Kijana aliyekatwa mguu ana kibanda cha kushona viatu, na kila mwaka, baada ya mavuno, mjomba humpelekea gunia la viazi. Hawazungumzi juu ya siku ile. Mtoto wa mwisho wa mjomba amesomea umeme wa magari, na siku nilipokwenda kusimulia kisa changu alikuwapo nyumbani. Akaleta kifaa kidogo kama kiberiti, akakichomeka kwenye Noah ya jirani iliyokuwa inakohoa, akasoma majibu kwenye simu yake.

Mjomba alivaa miwani, akainama, akauliza, "Imesema inaumwa wapi?"

Kijana akamtajia namba, akamweleza maana yake. Mjomba akaingia ndani. Alirudi na lile daftari la zamani, akalifungua baada ya ule ukurasa wenye tarehe tu, akampa kijana kalamu. Akamwambia, "Andika."